Kikombe Kilichobaki Karagita

Kwa wiki tatu sikulala vizuri kwa sababu ya mistari miwili iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Ilisema: "Ziara imefanywa. Familia imehama. Faili lifungwe." Chini yake palikuwa na muhuri wa ofisi na sahihi ya msimamizi wa wakati huo, ambaye alikuwa ameshahamishiwa kaunti nyingine. Lakini mwandiko ulikuwa wangu, na katika ofisi nzima ya watoto hakuna aliyejua hilo ila mimi.

Swali langu lilikuwa fupi: niseme au ninyamaze? Mtu wa kawaida angelijibu kabla chai haijapoa. Mimi nilizaliwa na kichwa kinachozunguka jambo kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Nikisema, labda watanifukuza. Nisiposema, kosa litarudiwa na mtu mwingine. Nikisema vibaya, watadhani natafuta huruma. Nikisema vizuri sana, watadhani nimefanya mazoezi mbele ya kioo, na kweli nilikuwa nimefanya.

Nawaandikia nyinyi wanagenzi mnaoingia katika ofisi hii mimi nikitoka. Mkataba wangu umekwisha. Mama yangu, anayeishi Kaptembwo kule Nakuru na ambaye hajui kuficha habari, amewaambia majirani wote kwamba nimestaafu.

"Baba yako alistaafu reli akiwa na mvi kichwa nzima," aliniambia. "Wewe umestaafu na thelathini na moja. Nekesa, umetupita sote."

Basi niruhusuni niongee kama mstaafu. Mtapewa vitabu vya miongozo, msome. Lakini kuna mambo hayamo humo.

La kwanza, mkienda kwa watu, msining'inize kitambulisho cha ofisi shingoni. Kiweke mfukoni, ukitoe ukiulizwa. Mara yangu ya kwanza katika mtaa wa Karagita nilikivaa, na ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga, ikafunga milango kama mvua ya mawe imekuja. La pili, usiandike mama akiwa anaongea. Ukiinamisha kichwa kuandika, anaacha kusema ukweli na kuanza kusema sentensi. La tatu, usiende saa tatu asubuhi. Karagita ya saa tatu haina wazazi. Wako kwenye mashamba ya maua tangu alfajiri, na watoto wako kwa wanawake wanaowatunza mchana. Ukitaka kujua habari za mtoto, anzia kwa hao wanawake, usianzie kwa chifu. Mimi nilianzia kwa chifu mwaka mzima.

Mwanamke niliyejifunza kwake anaitwa Mama Akoth. Ana chumba kimoja na uga wa mabati, na watoto wanaoshinda humo sijawahi kufanikiwa kuwahesabu kwa sababu hawatulii. Kwake kuna desturi moja. Kila mtoto huja na kikombe chake cha uji kutoka nyumbani, na mama yake hutia alama chini ya kikombe kwa rangi ya kucha: nukta moja, mkia, msalaba, chochote. Vikombe hupangwa kwenye rafu, vimepinduliwa, alama zikitazama juu. Mama Akoth hana rejista. Rafu ile ndiyo rejista.

Sasa nirudi kwenye ile mistari miwili.

Niliiandika nikiwa kama nyinyi, mwanagenzi kutoka chuoni, viatu vipya, daftari jipya. Jirani mmoja alikuwa amepiga ripoti kwamba kuna mtoto wa kiume wa miaka mitatu analia siku nzima katika ploti fulani Karagita, na ana alama mwilini. Nikatumwa nikaone. Nilipofika, chumba kilikuwa kitupu na mtunza ploti anafagia.

"Wamehama," akasema. "Mwisho wa mwezi. Watu huhama."

Nikapita kwa Mama Akoth ili nisirudi mikono mitupu.

"Huyo kijana? Wamehama, ndio," akasema. "Lakini kikombe yake iko hapa bado."

"Ni kikombe cha bei?" nikauliza.

Akanicheka mpaka akaweka chini mwiko. "Bei gani, msichana wa ofisi? Ni plastiki. Lakini mama akihama vizuri, kitu ya kwanza anakuja kuchukua ni kikombe. Hata kabla godoro. Mtoto atakunywa na nini huko anaenda? Huyu hakukuja. Andika hiyo."

Nikaitikia kwa kichwa kwa namna tuliyofundishwa chuoni, ile ya kuonyesha unasikiliza. Kisha nikarudi ofisini na kufungua fomu. Fomu ilikuwa na visanduku: jina, umri, hali ya makazi, hatua iliyochukuliwa. Hapakuwa na kisanduku cha kikombe. Nilifikiria kukiandika pembeni. Nikafikiria msimamizi atakavyocheka. Nikafikiria wenzangu wataniita "Madam Kikombe" mpaka mafunzo yaishe. Nilifikiria sana, kama kawaida yangu, na baada ya kufikiria kote huko nikaandika mistari miwili tu.

Mtoto yule alipatikana miezi mingi baadaye, mbali na Karagita, akiwa ameungua na maji moto na amekaa na vidonda bila kupelekwa hospitali. Alipona. Mkono wake wa kushoto haukurudi kama ulivyokuwa. Mahakama ilishughulika na waliomtesa, na hiyo ni kazi yake. Kazi yetu ilikuwa nyingine.

Kazi hiyo mtaikuta, kwa hiyo niieleze. Mtoto akiumizwa vibaya na ikajulikana kwamba ofisi zilikuwa na habari zake kabla, ofisi zote zilizomgusa huketi pamoja na mafaili yao. Kikao hicho si cha kutafuta wa kufunga. Ni cha kuuliza: alipita wapi katikati ya vidole vyetu? Katika karatasi zote haitwi kwa jina. Tulimwita Mtoto wa Kwanza.

Wakati huo nilikuwa nimeshahitimu na kuajiriwa kwa mkataba katika ofisi ileile. Mkuu wetu, Madam Cherotich, mwanamke mrefu anayezungumza taratibu kama anayemimina maziwa, akanipa ukatibu wa kikao.

"Wewe unafikiria kila kitu mara kumi," alisema. "Kwa mara ya kwanza hiyo shida yako itatusaidia."

Nikaanza kukusanya nakala za mafaili kutoka kliniki, kwa naibu wa chifu, na kwetu wenyewe. Ndipo nikakutana na mwandiko wangu. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimeunganisha mambo. Mtoto wa Kwanza hakuwa na jina, na yule wa Karagita nilikuwa nimeshamfunga kwenye faili na kichwani.

Nilifanya anachofanya kila mwoga mwenye digrii: nikaandika ripoti ndefu. Nilitanguliza rasimu kwa Madam. Mwishoni nilikuwa nimependekeza kuimarisha ushirikiano baina ya wadau, kujenga uwezo wa maafisa, na kuhamasisha jamii.

Madam akasoma, akavua miwani.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Nani atafanya nini Jumatatu?"

"Madam?"

"Ushirikiano ataimarisha nani? Jina. Saa ngapi? Nekesa, nimekaa kwa hivi vikao tangu wewe uko shule ya msingi. Hayo maneno yako yako kwa kila ripoti huko kabatini. Watoto wanaumia na ripoti zinalingana. Enda ulete somo, usilete mapambo."

Nikatoka na rasimu yangu kama mtu aliyeambiwa chapati zake ni mbichi. Alikuwa na haki. Somo nilikuwa nalo, lakini kulisema kulimaanisha kusema nililipata wapi.

Siku sita kabla ya kikao, mwenzangu wa meza ya pili aliniletea faili nipige muhuri. Msichana wa miaka minne, nitamwita Tabitha, Karagita tena. Mama yake alikuwa amelazwa kisha akapelekwa kwao Bungoma kuuguzwa, na mtoto akabaki na baba wa kambo. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa ameripoti kwamba mtoto amekonda na anachechemea. Mwenzangu alikuwa amekwenda, akakuta kufuli jipya na mpangaji mpya.

"Wamehama," akasema. "Gonga tu."

Muhuri ulikuwa mkononi mwangu. Nikauweka chini.

"Ulipita kwa Mama Akoth?"

"Huyo wa uji? Wa nini?"

Sikumweleza. Nilichukua boda mpaka Karagita, na Mama Akoth aliponiona hata hakunisalimu.

"Umekuja juu ya Tabitha," akasema. "Iko pale."

Kilikuwa kikombe cha kijani, na chini yake nukta mbili nyekundu. Kilikuwa kimepinduliwa pale mwisho wa rafu, kimeanza kushika vumbi, kwa sababu wengine wote walikuwa wakinywa.

"Siku ngapi?"

"Tangu Jumatano ya wiki imepita. Mimi nimeambia watu, lakini nani anasikia mathe wa uji?" Akanitazama. "Hata wewe kuna siku nilikuambia."

"Ulikumbuka?"

"Mimi nakumbuka kila mtu mwenye alinidharau kwa adabu."

Nilitaka kukaa chini palepale nilie, lakini mtoto mmoja alikuwa ameanza kupanda mguu wangu kama mti. Mama Akoth akamtoa, akafunga leso, tukaanza kuuliza. Hapa kuna somo jingine la bure: mtu anaweza kuhama bila kumuaga mwenye nyumba wala chifu, lakini hawezi kuhama bila mkokoteni. Mwenye mkokoteni tulimpata karibu na soko akila mahindi. Alikumbuka kwa sababu yule bwana alibishana naye njia nzima.

"Nilimpeleka mpaka stendi," akasema. "Aliingia matatu ya Nakuru. Alikuwa anaambia mtu kwa simu, niko njiani, nitashukia Kaptembwo, kwa brother yangu. Kasichana kalikuwa kamelala juu ya godoro. Boss, kalikuwa kamelala sana."

Kaptembwo ni nyumbani. Nilimpigia Madam nikiwa bado nimesimama karibu na yale mahindi, naye akawapigia wenzetu wa Nakuru na polisi wa dawati la watoto. Kisha nikampigia mama yangu. Msiniulize kama miongozo inaruhusu. Sikumtajia jina la mtu. Nilimuuliza tu ni nani mhudumu wa afya anayejua ploti zote za upande ule, na mama akanipa nambari kabla sijamaliza sentensi. Jioni mhudumu huyo akaniambia ni ploti gani iliyopokea mwanamume mgeni na msichana mdogo.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa mbele ya mlango wa mabati, mimi, afisa wa Nakuru, polisi wa kike na yule mhudumu. Kufuli lilikuwa nje. Polisi akagonga, akaita kwa sauti ya chini, "Mtoto, uko?" Akaita tena. Ndani kitu kikagonga sufuria, mara moja, halafu mara ya pili.

Kufuli lilivunjwa. Alikuwa hai. Alikuwa amekonda, ana joto kali, na mguu umevimba kwa jeraha lililoachwa mpaka likaoza. Daktari alituambia baadaye kwamba tulifika wakati dawa bado ina la kufanya, na dawa ikalifanya. Mguu ulipona. Yule bwana alikamatwa jioni hiyohiyo akirudi kutoka kazini.

Siku ya nne nilikwenda wodini na kile kikombe cha kijani, nimetumwa na Mama Akoth. Tabitha hakunitazama. Alikichukua, akakigeuza, akazihesabu nukta kwa kidole, moja, mbili. Kisha akanirudishia.

"Weka uji," akasema.

Nimefanya kazi na watu wenye vyeo, na sijawahi kupokea amri niliyoitii kwa furaha kama ile.

Mnaweza kufikiri baada ya hapo nililala. Sikulala. Sasa nilikuwa na swali baya zaidi, kwa sababu ofisini nimekuwa shujaa. Wenzangu walinipigia makofi. Mwenzangu wa meza ya pili aliniletea mandazi na kuniomba msamaha, na kila andazi lilishuka kama jiwe. Sifa zote zilikuwa juu ya pua yangu kali, na mimi najua si pua. Nilijua kikombe kinasema nini kwa sababu nilishawahi kukipuuza, na aliyelipa ni mtoto mwingine.

Siku ya kikao ikafika. Tuliketi katika ukumbi wa ofisi ya kaunti ndogo, viti vya plastiki, chai na mayai ya kuchemsha. Kila mtu alikuja na faili lake kifuani kama ngao. Sista Njoki wa kliniki akaeleza kwa saa nzima kwamba kliniki ilifuata utaratibu. Bwana Koech, naibu wa chifu, akaeleza kwamba ofisi yake ilifuata utaratibu. Mtu wa polisi akaeleza hivyohivyo. Mimi naandika. Ukisoma kumbukumbu zangu za asubuhi ile utadhani mtoto aliungua katika nchi ambayo hakuna kosa lililotendeka.

Ndipo Madam Cherotich akasema, "Kabla hatujaendelea, kuna habari njema. Wiki hii tumepata mtoto mwingine, hai, kwa sababu huyu msichana alikataa kugonga muhuri. Nekesa, simama uwaeleze ulijuaje."

Wakapiga makofi. Nilisimama. Mbele yangu kulikuwa na njia rahisi, iliyofagiwa kabisa: niseme nilihisi tu. Wangeniamini. Wangeandika kwenye ripoti, "maafisa wahimizwe kuwa makini," na ripoti ingekwenda kabatini kwa dada zake.

Nikafungua faili la Mtoto wa Kwanza kwenye ule ukurasa, nikauinua.

"Mwandiko huu ni wangu," nikasema. "Nilikuwa mwanagenzi. Niliambiwa kikombe cha mtoto kimebaki, na niliambiwa maana yake. Sikuandika kwa sababu niliogopa kuchekwa. Kwa Tabitha nilijua kwa sababu ya huyu."

Ile hotuba ya kwenye kioo sikuikumbuka hata neno. Niliketi. Mtu aliyekuwa akimenya yai akaacha.

Sista Njoki ndiye aliyesogea kwanza. Alinyoosha mkono, akavuta ukurasa wangu, akausoma, kisha akafungua rejista yake ambayo asubuhi nzima alikuwa ameifunga kwa kiwiko.

"'Hakuletwa kliniki. Wamehama,'" akasoma. "Huu ni wangu. Kadi yake ya chanjo ilibaki kwetu. Mama haachi kadi. Nilijua, na nikaiweka droo."

"Mimi kwa kitabu yangu pia," akasema Bwana Koech polepole. "Tarehe tofauti, neno moja." Akakifunga kitabu. "Unajua, ng'ombe yangu akitoka hapa kwenda Nakuru, lazima nichukue kibali. Huku wanaandika ametoka, kule wanaandika amefika. Ng'ombe. Na mtoto tunaandika amehama, kwisha."

"Basi tumpe mtoto kibali cha ng'ombe," akasema Madam.

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, halafu tukaanza kazi. Iliandikwa palepale, nyuma ya ajenda, huku Sista na Bwana Koech wakigombania kalamu. Hakuna ofisi itakayofunga faili la mtoto aliyehama mpaka mtu wa upande wa pili aseme amemwona kwa macho yake, na aandike jina lake. Wakataka kuweka visanduku. Nikakataa. Mimi, ambaye sijawahi kukataa hata chai yenye sukari nyingi. Nikasema nusu ya karatasi ibaki mistari mitupu, na juu yake paandikwe: "Jambo lolote ulilosikia, hata kama hujui lina maana gani." Wakaniuliza mistari mingapi. Nikasema, mpaka chini.

Hiyo ndiyo karatasi mtakayoikuta kwenye meza zenu. Watu wa ofisi bado wanaiita kibali cha ng'ombe, msishangae. Imeshawafuata watoto mpaka Kericho na Nyandarua.

Tulipotoka ukumbini siku ile nilimwuliza Madam kama niandike barua ya kujiuzulu.

"Nikifukuza kila mtu ameandika 'imehama,'" akasema, "nitabaki na askari wa geti. Na yeye pia simwamini. Tabitha anatoka wodini kesho. Anaenda wapi?"

Anakwenda kwa dada ya mama yake, upande wa Olkaria, ambako mume wa dada huyo anafanya kazi kwenye mitambo ya mvuke. Karatasi ya kwanza ilikuwa yake. Mtu angeweza kuituma kwa simu, na mwenzangu alijitolea kufanya hivyo. Nilisema hapana, naipeleka mwenyewe, na safari hii sikulifikiria jambo mara mbili. Niliijaza kwa kalamu ya bluu, mistari yote mpaka chini, nikaandika jina langu kamili, nikamshika Tabitha mkono, tukaenda. Mama yake mdogo akampokea getini, na mwalimu wa chekechea ya jirani akachuchumaa, akamtazama usoni, akamtazama mguu, akamwuliza jina, akajibiwa. Kisha akaweka karatasi juu ya goti lake na kuandika: "Nimemwona. Anatembea. Anauliza chakula ni saa ngapi."